Ililia Yenyewe

Mama yangu hajawahi kushindwa na mtu kwa maneno, na siku tuliyoipeleka bunduki kwa mthamini alianza ugomvi kabla hatujashuka kwenye teksi. Dereva aliuliza kilichofungwa kwenye shuka ni nini. Mama akamjibu kwamba ni mzigo wa wenyewe, yeye ashike usukani. Mimi nilikuwa na kibali cha polisi ndani ya mkoba, kimegongwa mihuri hadi maandishi hayasomeki, lakini nilinyamaza. Kumhamisha mama kama huyu ni kazi ya ukoo mzima, na ukoo mzima siku hiyo ulikuwa mimi peke yangu.

Alikuwa anahamia kwangu. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, nyumba ilikuwa inampwaya, na magoti yake hayakuwa yakielewana tena na ngazi za mlangoni, ingawa mwenyewe hakukubali kusema. Makabati tulishayagawa kwa majirani. Cherehani yake, iliyotusomesha na kutulisha, ilikuwa imeshafika sebuleni kwangu. Ukutani ilibaki bunduki.

"Iuzwe," alisema. "Aliyekuwa akiitazama hayupo."

Maneno hayo yanataka maelezo, la sivyo utamchukia mama yangu bure, na kazi hiyo nilishaifanya mimi kwa miaka mingi kwa niaba ya wote.

Ilikuwa bunduki ndefu ya kushindilia, ambayo baba aliinunua ujanani kwa mtu aliyekuwa akihama. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia vipande vya risasi, kisha unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma inayokaa chini ya mtutu. Baba aliitumia kuwatisha ngedere waliokuwa wakila mahindi yetu, na ngedere nao walikuwa wameshamzoea. Watu waliiita gumegume, kama bunduki zote za kale zinavyoitwa, na kutoka hapo baba akawa Mzee Gumegume. Kila mtu anajua mwanamume akiitwa gumegume maana yake ni nini: hafai, yupo yupo tu. Lakini zamani hizo ulikuwa utani. Baba alikuwa mpole na mzito wa kuondoka. Akianza kufunga viatu, wenzake wameshafika shambani. "Gumegume wangu," mama alikuwa akimwita kutoka kwenye cherehani, "chakula kinapoa." Baba anacheka, anakuja.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekuwa Mdeki. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mwembamba, amenyooka, na hakuachana naye popote aendapo, kama mdeki usivyoachana na mtutu wake. Jina lilishika. Hata mwalimu wake alilizoea.

Asubuhi moja ya msimu wa mahindi baba aliishindilia bunduki uani, akairudisha nyundo, kile chuma kinachowasha baruti, hadi nusu, kama alivyofundishwa. Nusu ndiyo kufuli ya bunduki hizi: nyundo ikishakaa hapo, haitakiwi kushuka hata uvute kifyatulio. Mpaka uirudishe yote ndipo iko tayari kulia. Basi akaondoka. Njiani akakumbuka kofia. Akarudi hadi mlangoni, akaita, "Mdeki! Nirushie kofia." Mdeki hakurusha. Aliileta mkononi, mbio, maana alikuwa mtoto wa kuleta. Baba alipoinama kuipokea, kitako cha bunduki kikagonga kizingiti.

Mama alikuwa kwenye cherehani, ameupa mlango mgongo. Alisikia mwanawe akiitwa, kisha akasikia bunduki ikilia. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nilikuta viatu vya watu vimejaa uani, na nikajua kabla sijaambiwa.

"Sikuigusa," baba alisema. "Ililia yenyewe." Aliwaambia hivyo polisi, akamwambia hakimu, akamwambia mama. Askari waliirudisha nyundo yote, wakavuta kifyatulio, wakaona inashuka sawasawa, wakaandika uzembe. Baba akafungwa. Alipotoka, bunduki nayo ilirudishwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa nayo ofisini. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaitundika ukutani sebuleni, akakigeuza kiti cha baba kiielekee.

"Ikae hapo uione," alimwambia.

Na baba akaiona. Alikula akiiona, alisikiliza redio akiiona, alisinzia mbele yake mchana wa jua kali. Mama hakumwacha, na watu walishangaa. Alimpikia, alimfulia, alimshonea mashati yaliyomkaa kuliko ya dukani. Lakini "Gumegume wangu" lilipoteza "wangu". Likabaki "Gumegume," na halikuwa utani tena. "Gumegume, chakula." Baba anainuka, anakuja, kimya.

Mimi nilikuwa upande wa baba. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na mapenzi tu, na mapenzi hayasikilizwi mahakamani wala jikoni kwa mama.

Mthamini alikuwa na chumba chake nyuma ya ukumbi wa mnada. Palinuka mafuta ya mashine na mbao za zamani. Kwenye rafu kulikuwa na saa za ukutani, kila moja imekufa kwa wakati wake, na mezani palikuwa na taa ya shingo ndefu iliyoinamia kitambaa cha kijani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, kucha zimeiva mafuta, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Mthamini yuko wapi?" mama alimwuliza.

"Ndiye mimi, mama. Karibuni mkae."

"Mambo ya bunduki anaulizwa mwanamke?"

"Mbona hata ya waume zetu tunaulizwa sisi, na hayo hatuyajui hata robo."

Mama akacheka kwa pua. Nikajua amempenda.

"Haya, binti, sema bei tu, tusichoshane. Ni gumegume, la zamani."

"Tuone kwanza," mthamini alisema, akafungua shuka.

Hakuishika upesi. Aliitazama kwanza, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha akaingiza kijiti mtutuni kuhakikisha hakuna kilichoshindiliwa ndani, akaipima uzito mikononi, akapitisha kidole kwenye mbao. Akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisahani kwa utaratibu zilivyotoka, akautoa mtutu kwenye mbao na kuugeuza chini ya taa. Alisema mafundi wa bunduki huficha majina yao huko chini, mahali ambapo mwenye bunduki haoni, na fundi mwenzao tu ndiye atakayefungua na kukuta.

"Mimi huacha uzi mwekundu ndani ya pindo," mama alisema. "Nguo ikirudi kwangu, najua kama ni yangu au nasingiziwa."

"Basi unanielewa." Mthamini alisugua kutu kwa kitambaa chenye mafuta, akasogeza taa, akasugua tena. "Hakuna. Hakuna jina, hakuna muhuri, hakuna hata namba. Mtutu ni wa kale sana, tena mtutu mzuri, aliyeutengeneza alikuwa anajua kazi. Ila hakusema ni nani."

Kisha akaufungua mtambo, ule ubavu wa chuma unaobeba nyundo.

"Mama, hii si gumegume."

"Si gumegume?"

"Gumegume ni jiwe. Nyundo yake inabana jiwe, jiwe linachapa chuma, cheche inawasha baruti. Hii ilizaliwa hivyo. Ona matundu haya yaliyozibwa, hapa palikuwa na kisahani cha baruti. Baadaye kuna fundi aliing'oa hiyo yote, akaipachika nyundo ya bunduki nyingine ili ipige fataki, kile kikofia kidogo chenye baruti. Mtutu mama yake mwingine, nyundo mama yake mwingine. Watu wanaiita gumegume kwa mazoea tu."

"Kwa hiyo bei imeshuka."

"Imeshuka. Wanunuzi wananunua jina, na hii haina jina, halafu imeungwaungwa." Akageuza mbao, akatazama mfereji mtupu chini yake. "Na mdeki wake uko wapi?"

Masikio ya mama yaliliwa na cherehani siku nyingi, na kati ya "uko" na "yuko" hakuna zaidi ya upana wa uzi.

"Makaburini," mama alijibu.

Mthamini aliinua kichwa. "Mliuzika?"

"Tulimzika, ndiyo. Ulitaka tumfanyeje?"

Nilitamani sakafu inimeze. Ikabidi nieleze mimi: fimbo hatujui ilikopotelea, lakini Mdeki alikuwa mdogo wangu. Na nilipoanza sikuweza kukata katikati. Nilieleza kofia, nikaeleza kizingiti, nikaeleza baba alivyofungwa. Mama alizitazama zile saa zilizokufa muda wote, mkoba wake umekazwa tumboni.

"Hayo hayahusiani na bei," alisema nilipomaliza.

"Mzee mwenyewe alisemaje?" mthamini aliuliza.

"Ati ililia yenyewe," mama alinitangulia. "Bunduki hailii yenyewe. Mfa maji haachi kutapatapa."

Mthamini alichukua miwani, akaivaa, akauangalia tena ule mtambo, na safari hii aliuangalia muda mrefu mno. Akausukuma kwa ncha ya bisibisi. Akausukuma tena. Nikamwona akifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Mama," alisema taratibu, "ulisema unataka bei tu?"

"Nilisema."

"Mimi nataka yote," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyopanga. "Kama kuna kitu, sema."

Hakunitazama. Alimtazama mama. "Bunduki ni ya nani?"

"Yangu," mama alisema.

"Basi wewe ndiye wa kuniruhusu."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona mama yangu akiogopa. Alihamisha mkoba kutoka goti hili hadi goti lile. Angeweza kuinuka, na mimi ningemfuata, na tungeiuza bunduki kwa chochote.

"Sema, binti," alisema.

Mthamini aliuinamisha mtambo chini ya taa. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma cha mviringo chenye mapengo mawili, na ulimi mdogo unaoingia kwenye mapengo hayo. Pengo la kwanza ni la nusu, alisema, na hilo linatakiwa liwe na kina, ulimi uzame humo usitoke. La pili ni la kufyatulia. Yule fundi aliyebadilisha nyundo aliona vitu havikubaliani, akalipiga tupa pengo la nusu hadi vikubaliane. Alizikata kingo zake mno, kina kikaisha. Ulimi hauzami. Unaegemea tu.

"Ngoja," mama alisema. Akaomba miwani, akaivaa juu ya uso wake ulioloa jasho, akainama. Mimi nilikuwa bado sijaelewa chochote. Yeye alielewa palepale, maana maisha yake yote ameishi na vyuma vidogo vinavyoshikana. "Jino limeisha," alisema. "Kwenye cherehani jino likiisha hivi, mashine inaruka. Hata usiikanyage, ukiigusa meza tu inaruka."

"Ndivyo hivyo, mama."

Mthamini alirudishia kila kitu mahali pake. Akairudisha nyundo nusu. Ikakaa. Akaachia mikono, akatuonyesha viganja vitupu, kisha akakigonga kitako mezani kidogo tu, kama mtu anayefunga mtoto wa meza.

Nyundo ikashuka. Ta!

"Inaweza kukaa wiki nzima isianguke," alisema. "Inategemea ulimi umeegemea vipi. Ndiyo maana askari hawakuona. Wao walivuta kifyatulio, na kifyatulio ni kizima."

"Nipe," mama alisema.

Aliinuka, akaichukua ile bunduki ambayo hakuwahi kuigusa tangu siku aliyoitundika. Akairudisha nyundo nusu kwa vidole vyake vya kushonea. Akaisimamisha, akaigongesha mguu wa meza. Ta! Akarudia. Safari ya pili haikuanguka, na nikamwona usoni tumaini la ajabu, tumaini kwamba baba alikuwa mwongo. Akagonga tena. Ta! Alikuwa ameushika mtutu kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameunyoosha mbali kabisa, vidole vimetanuka, ili sote tuuone.

"Sijaigusa," alisema. Akarudisha nyundo, akagonga. Ta! "Mmeona? Sijaigusa." Ta! "Sijaigusa mimi. Imelia yenyewe."

Mthamini alizunguka meza, akamshika viganja vyote viwili, akaitoa bunduki polepole.

"Lakini aliingia nayo mlangoni," mama alimwambia, kama mtu anayepunguza bei kwa nguvu za mwisho. "Ina baruti, akaingia nayo mlangoni."

"Wenye bunduki hizi wote waliingia nazo milangoni, mama. Waliiamini nusu."

"Na huyo fundi ni nani?"

"Hajulikani."

"Tafuta vizuri. Kuna mtu alishika tupa. Huyo mtu ana jina."

"Nimetafuta. Huenda alikufa kabla mzee hajazaliwa. Hakuacha alama yoyote."

"Mimi naacha uzi mwekundu hata kwenye kaptula ya mtoto wa shule," mama alisema, "na yeye hakuacha hata herufi?" Ndipo akakaa, akalia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata msibani. Ulikuwa mlio mkavu, usiojua njia ya kutokea.

Nilikuwa nimeweka akiba ya maneno kwa ajili ya siku kama hii. Tangu utotoni nilikuwa nayo, nimeyanoa, nimeyapanga, siku baba akijulikana mkweli nimpige nayo mama moja baada ya jingine. Siku ilifika na sikutumia hata moja. Baba alikuwa chini ya udongo, na aliyebaki mbele yangu alikuwa kizee anayelia, mama yangu, nampenda. Niliumia kiasi kwamba nilishindwa hata kumshika bega.

"Aliniomba," mama alisema, hakuwa akituambia sisi. "Aliniomba aiteremshe ukutani anionyeshe. Ati amefikiri, ati anadhani ni ile nusu. Nikamwambia akiigusa tu, mimi na yeye basi. Hakuomba tena." Alijifuta uso kwa pindo la nguo. "Angeiteremsha nisipokuwepo, angejua. Angejua mwenyewe, roho yake ikatulia. Mimi nilikuwa naenda sokoni kila mara. Angeiteremsha."

"Alikutii, mama," nilisema. Ndiyo faraja pekee niliyoipata, na nilipoitoa nikaona imekuwa kisu.

Mthamini alifunga skrubu ya mwisho. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa mnada bunduki ile haifikii bei ya taa iliyokuwa mezani, lakini kama tunataka, ataitafutia mtu.

"Haiuzwi," mama alisema. Akaikunja ndani ya shuka mwenyewe, akaibeba mwenyewe.

Kwenye teksi alimwambia dereva, "Baba, tafadhali, tupitie nyumbani kwanza." Neno tafadhali lilinitisha kuliko kilio. Tulipita kwenye ile nyumba tupu, akaingia peke yake, akatoka anaburuta kiti cha baba, amekataa kusaidiwa hadi ngazini.

Kwangu alichagua ukuta ulio mkabala na dirisha. Akakiweka kiti, akakigeuza, akakaa.

"Una msumari wa maana?"

"Mama, basi," nilisema. "Imetosha. Gumegume hili tulitupe, tulipeleke polisi, lolote, lakini lisiingie tena kwenye maisha yetu."

"Usiite hivyo. Umemsikia yule binti. Gumegume..." Akapapasa mkono wa kiti. "Hakuwa."

Labda alisema "haikuwa." Sikumwuliza.

"Basi angalau nisiitundike mbele yako. Utaishije unaitazama kila siku?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Yeye aliitazama hana kosa," alisema. "Mimi nitashindwaje? Pigilia msumari."

Nikapigilia. Chakula kilipoiva hakuja mezani. Nikamletea pale pale kwenye kiti cha baba, akala akiiona.